Methanoli ya Kijani: Nasaba ya Kaboni na Mzigo wa Istilahi

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi hajazoea kuulizwa maswali ya kemia, na anapoulizwa, jibu lake la haraka huwa ni kuelekeza kidole upande ziliko maabara. Mwaka uliopita rafiki yangu anayesomea uhandisi alinijia na kurasa tatu zilizoandikwa kwa Kiingereza, akaniomba nimfasirie. Alikuwa akifanya utafiti wa shahada yake kuhusu mafuta mapya ya meli yanayoitwa methanoli ya kijani, na kurasa zile zilikusudiwa kusomwa mbele ya wanakijiji fulani wa Bonde la Ufa kabla hawajahojiwa. Nilikisia kwamba kazi hiyo ingenichukua alasiri moja. Ilinichukua wiki mbili. Ugumu wenyewe haukuwa wa maneno peke yake. Ulitokana na ukweli kwamba sikukielewa kitu nilichokuwa nikikifasiri, na mfasiri wa aina hiyo humpa msomaji makapi akidhani amempa mchele.

Makala haya ni zao la wiki hizo mbili. Yananuia kueleza methanoli ya kijani ni nini, hutengenezwa vipi, inatarajiwa kutenda kazi gani katika uchumi usioliongezea anga joto, na kwa nini wapo wanaoitilia shaka. Kwa kuwa wasomaji wa jarida hili ni wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, tutasimama hapa na pale kwenye istilahi. Katika suala hili istilahi mbaya yaweza kuua mtu, nami sisemi hivyo kwa kutia chumvi.

Sumu tunayoijua

Wakenya wengi walilisikia neno methanoli kwa mara ya kwanza katika habari za msiba. Mnamo Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walifariki Nairobi baada ya kunywa pombe haramu iliyochanganywa na methanoli, na baadhi ya walionusurika wakabaki vipofu. Mei 2014 mkasa wa namna hiyo ulirudi katika kaunti kadhaa za maeneo ya kati na mashariki, ukaua makumi ya watu. Magazeti yalizungumzia "pombe ya sumu", na wengi wetu tukalihifadhi jina la sumu hiyo pasipo kujua ni kitu gani.

Methanoli ndiyo alkoholi sahili kuliko zote. Molekuli yake ina atomu moja ya kaboni, nne za haidrojeni na moja ya oksijeni. Dada yake ethanoli, ambayo ndiyo inayolevya katika bia, mnazi na chang'aa, ina atomu mbili za kaboni. Kwa macho na kwa harufu, mtu wa kawaida hawezi kuzitenga: zote mbili ni maji maangavu yanayoshika moto upesi. Tofauti hujitokeza ndani ya ini. Ini huigeuza methanoli kuwa fomaldehaidi, kisha asidi ya fomiki, na asidi hiyo hushambulia neva ya jicho kabla ya kuua. Ajabu ni kwamba daktari asiye na dawa nyingine huweza kumtibu mgonjwa kwa kumpa ethanoli, kwa sababu ini hupendelea kuishughulikia ethanoli kwanza, na methanoli ikapata muda wa kutoka mwilini kabla haijageuzwa.

Nimeanza na mauti haya kwa makusudi. Neno la Kiingereza lililotumiwa katika kurasa nilizopewa kuitaja jamii ya kemikali hii ni lile lile ambalo kamusi zetu hulifasiri kuwa pombe au kileo. Lau ningeandika kwamba meli zitaendeshwa kwa "pombe ya kijani", ningekuwa nimewaalika watu kuionja. Alkoholi ya mkemia haina budi kubaki alkoholi. Nilifikiria pia kuiita "methanoli safi", maadamu kijani katika muktadha huu humaanisha kisichochafua mazingira. Nikaacha nilipokumbuka kwamba kwa mnywaji wa chang'aa kitu safi ni kitu kinachonyweka.

Kutoka msituni hadi mgodini

Kabla ya kuwa mafuta ya meli au sumu ya vilabuni, methanoli ilikuwa mali ya mti. Mwanasayansi Robert Boyle aliipata mwaka 1661 kwa kuchoma mti ndani ya chombo kilichofungwa na kuupoza mvuke uliotoka. Mwaka 1834 Wafaransa wawili, Dumas na Péligot, walibainisha viambajengo vyake, wakaunda jina lake kwa maneno mawili ya Kigiriki: moja la divai, jingine la mti. Kwa hiyo, kietimolojia, methanoli ni divai ya mti, na kwa muda mrefu watu waliitengeneza kwa njia hiyo ya mti.

Mwaka 1923 kampuni ya BASF ilianza kuitengeneza kwa wingi huko Leuna, Ujerumani, kutokana na gesi za makaa ya mawe zilizobanwa kwa shinikizo kubwa mno. Mwaka 1966 kampuni ya ICI ya Uingereza ikaleta kichocheo cha shaba kilichowezesha kazi hiyo kufanyika kwa shinikizo dogo zaidi, na hadi leo viwanda vingi hufuata mkondo huo. Hivyo ndivyo divai ya mti ilivyouhama msitu ikahamia mgodini na kwenye visima vya gesi.

Leo dunia hutengeneza takriban tani milioni 100 za methanoli kila mwaka. Msomaji anayedhani kwamba hajawahi kuigusa na atazame meza anayoandikia: gundi inayoshikanisha mbao za plaiwudi na vibao vya unga wa mbao hutokana na fomaldehaidi, na fomaldehaidi hutokana na methanoli. Rangi za nyumba, plastiki za aina nyingi na asidi ya siki inayotumiwa viwandani zimo katika ukoo huo huo. Kwa mujibu wa ripoti iliyotolewa mwaka 2021 na Shirika la Kimataifa la Kawi Jadidifu, IRENA, pamoja na Taasisi ya Methanoli, utengenezaji na matumizi ya methanoli hiyo hutoa takriban tani milioni 300 za hewa ukaa kwa mwaka, sawa na asilimia 10 ya hewa ukaa yote inayotolewa na sekta ya kemikali. Wakati huo methanoli iliyotokana na kawi jadidifu haikufika hata tani 200,000. Hicho ndicho kimo cha mlima tunaouzungumzia.

Rangi isiyoonekana kwa macho

Methanoli haina rangi. Iwe imetoka kwenye makaa ya mawe ya Uchina, gesi asilia ya Trinidad au mwanga wa jua wa Denmark, molekuli ni ile ile, na hakuna mkemia anayeweza kuzitambua kwa kuzitazama ndani ya chupa. Neno kijani hapa ni sitiari. Linachokirejelea si sifa ya kitu bali historia yake: kaboni yake ilitoka wapi, na haidrojeni yake ilipatikana kwa moto gani. Sisi tunaosoma tendi tunaijua mantiki hii vizuri. Shujaa hatambulishwi kwa sura yake pekee. Hutajwa baba na babu zake. Methanoli ya kijani ni suala la nasaba, na ndiyo maana biashara yake hutegemea vyeti vya asili kuliko vipimo vya maabara. Palipo na vyeti, pana pia uwezekano wa vyeti vya kughushi.

Nasaba hizo ziko mbili kuu. Ya kwanza hurudi kwenye mti na viumbe hai kwa jumla: mabaki ya mashamba, takataka za mijini, samadi iliyovundishwa ikatoa gesi, au mabaki ya viwanda vya karatasi. Nchini Uswidi, kiwanda cha Södra kilichoko Mönsterås kilianza mwaka 2020 kutenga methanoli inayojitokeza yenyewe pale mbao zinapopikwa kuwa rojo la karatasi, kiasi cha tani 5,000 hivi kwa mwaka. Boyle angefurahi kuona hivyo.

Nasaba ya pili haihitaji shamba. Umeme wa upepo, jua, maji au mvuke wa ardhini hupitishwa ndani ya maji, maji yakatengana kuwa oksijeni na haidrojeni. Haidrojeni hukutanishwa na hewa ukaa juu ya kichocheo cha shaba, na matokeo yake ni methanoli na maji. Hii ndiyo wanayoiita methanoli ya umeme. Hapa neno letu "kijani" linatuchezea kidogo. Asili yake katika Kiswahili ni jani, na msikilizaji wa kijijini akiambiwa methanoli ya kijani huenda akadhani imekamuliwa kutoka kwenye majani. Kwa nasaba ya kwanza atakuwa amekaribia ukweli. Kwa nasaba ya pili atakuwa amepotea kabisa. Hata hivyo, istilahi hiyo imekwisha kuenea, na mimi si mmoja wa wanaoamini kwamba mwanaisimu anaweza kuurudisha mto juu ya mlima. Nililibakiza, nikaongeza sentensi mbili za ufafanuzi.

Istilahi iliyonishinda zaidi ilikuwa ile ya uchumi wenyewe. Baadhi ya waandishi hutumia "uchumi usio na kaboni". Kauli hiyo haina ukweli. Kaboni imo katika ugali, katika karatasi ya jarida hili, katika mwili wa anayelisoma. Tutaendelea kuhitaji plastiki za mabomba ya hospitali, dawa, rangi na gundi, na vitu hivyo haviwezi kuundwa pasipo kaboni. Kinachotafutwa ni uchumi ambao kila kiasi cha hewa ukaa kinachopanda angani kinalingana na kiasi kilichoshushwa kutoka huko huko. Nilipendekeza "uchumi wa mizani ya hewa ukaa". Methanoli ya kijani ya kweli hufanya kazi kama mkopo unaolipwa: kaboni iliyoazimwa angani, kupitia mmea au mtambo, hurejeshwa angani inapochomwa. Methanoli ya makaa ya mawe huchota hazina iliyozikwa ardhini kwa mamilioni ya miaka na kuimwaga angani bila nia ya kuirejesha.

Kati ya pande hizo mbili kuna eneo la kijivu. Tuseme hewa ukaa imenaswa kwenye dohani ya kiwanda cha saruji. Imetumika mara mbili, ni kweli, lakini mwishowe itapanda angani, nayo asili yake ni jiwe lililochimbwa. Kanuni za Umoja wa Ulaya za mwaka 2023 huikubali hewa ukaa ya namna hiyo kwa muda tu: ile ya mitambo ya umeme inayochoma makaa au gesi hadi mwaka 2035, na ile ya viwanda vingine hadi 2040. Mjini Anyang, Uchina, kiwanda kilichoanza kazi mwaka 2022 kina uwezo wa kutengeneza tani 110,000 za methanoli kwa mwaka kwa kutumia hewa ukaa ya tanuri za chokaa na haidrojeni inayopatikana katika gesi ya tanuri za makaa. Ni kazi ya kiufundi ya kustahiki sifa, na ni bora kuliko kuziacha gesi hizo zipotee, lakini kuiita kijani ni kulinyoosha neno hadi likatike.

Hesabu ya tani moja

Sehemu hii haipendezi, ila bila hesabu hii mjadala wote hubaki hewani. Ili kupata tani moja ya methanoli ya umeme, huhitajika takriban tani 1.4 za hewa ukaa na kilo 190 za haidrojeni. Kila kilo ya haidrojeni hula zaidi ya kilowatisaa 50, yaani zaidi ya yuniti 50 za umeme, zile zile tunazonunua kwa tokeni. Kwa hiyo tani moja ya methanoli humeza kiasi cha yuniti 10,000. Tani hiyo ikishakamilika, kawi iliyomo ndani yake ni sawa na yuniti 5,500 hivi. Karibu nusu ya umeme imepotelea njiani, na hapo bado haijachomwa ndani ya injini, ambako nusu nyingine hupotea kama joto.

Mtu mwenye akili timamu atauliza: kwa nini basi tusiutumie umeme moja kwa moja? Jibu ni kwamba inapowezekana, tuutumie. Matatu na pikipiki za umeme zimekwisha kuonekana Nairobi, na kuziendesha kwa methanoli kungekuwa ubadhirifu mtupu. Methanoli ya kijani huwafaa wale wasioweza kuchomeka waya. Anayeinadi kuwa dawa ya kila ugonjwa hatofautiani sana na wachuuzi wa mitishamba wanaopanda mabasini na chupa moja inayotibu meno, mgongo na nuksi.

Kwa nini meli?

Meli ya makontena inayotoka Asia kwenda Ulaya hukaa baharini kwa wiki kadhaa. Betri za kuisukuma zingeichukua nafasi ya mzigo wenyewe. Usafiri wa meli hutoa takriban asilimia 3 ya gesi zinazoongeza joto duniani, na mafuta yanayotumika ni mazito, meusi, yenye salfa. Miongoni mwa yanayopendekezwa kuchukua nafasi yake ni haidrojeni yenyewe, lakini ili iwe majimaji haidrojeni hutakiwa kupozwa hadi nyuzi 253 chini ya sufuri. Amonia haina kaboni hata kidogo, ila ikivuja huwaua mabaharia kwa kuivuta tu. Methanoli hukaa kama maji katika joto la kawaida na huchemka kwenye nyuzi karibu 65. Huhifadhiwa katika matangi yasiyotofautiana sana na yaliyopo. Ikimwagika baharini huyeyuka na kuozeshwa na vijidudu badala ya kuganda kwenye mikoko. Na ikiungua haitoi masizi wala salfa.

Kasoro zake pia hazifichiki. Uzito kwa uzito, kawi yake haifiki nusu ya ile ya dizeli, na kwa ujazo tangi lake hutakiwa kuwa kubwa zaidi ya mara mbili. Hushika moto upesi, na mwali wake hauonekani kwa urahisi mchana. Na sumu yake tumekwisha kuitaja.

Meli ya abiria Stena Germanica, inayosafiri kati ya Kiel na Göteborg, ilibadilishwa injini mwaka 2015 ili iweze kutumia methanoli. Mwaka 2023 kampuni ya Maersk ilizindua Laura Mærsk, meli ya kwanza ya makontena iliyoundwa kwa mafuta hayo, ambayo ilisafiri kutoka Ulsan, Korea Kusini, hadi Copenhagen. Mwaka 2024 ilifuata Ane Mærsk yenye uwezo wa kubeba makontena 16,000. Ifahamike lakini kwamba meli hizi zina matumbo mawili: injini zake hunywa methanoli na hunywa pia mafuta ya kawaida. Meli inaweza kuwa na jina la kijani ubavuni na moshi mweusi dohanini, ikategemea kilichopatikana bandarini na bei yake.

Tukiwa watu wa lugha iliyokulia pwani, kuna jambo tusilopaswa kulipita. Jahazi lililongoja kaskazi kuja na kusi kurudi lilikuwa chombo cha mizani ya hewa ukaa kabla ya istilahi hiyo kufikiriwa. Methanoli ya umeme, ukiitazama vizuri, ni upepo na jua vilivyotiwa ndani ya pipa ili nahodha asilazimike kungoja msimu. Bei ya kutongoja ndiyo hiyo nusu ya kawi inayopotea.

Mambo ya bei yanatufikisha Mombasa. Mwaka 2023 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Majini, IMO, liliazimia kuifikisha sekta hiyo kwenye mizani ifikapo mwaka 2050 au karibu na hapo. Aprili 2025 mfumo wa kuwatoza wenye meli zinazochafua uliidhinishwa, lakini Oktoba 2025, ulipotarajiwa kupitishwa rasmi, nchi wanachama zilipiga kura ya kuuahirisha kwa mwaka mmoja. Pasipo tozo la aina hiyo methanoli ya kijani, ambayo ni ghali mara kadhaa kuliko ya gesi, haina mnunuzi wa kutosha. Tozo likija, nauli ya kontena huenda ikapanda, na sisi tunaoingiza ngano, dawa na mbolea kwa meli, kisha tukasafirisha chai na kahawa kwa meli, tutaliona kwenye bei za dukani. Kwa maoni yangu tozo hilo ni la haki. Swali lisilo na jibu rahisi ni fedha zake zirudi kwa nani, na hapo ndipo wajumbe wa nchi maskini wanapaswa kuwa na sauti.

Viwanda vilivyosimama na kilichoanguka

Fikra ya kuujenga uchumi juu ya methanoli ilienezwa zaidi na George Olah, mzaliwa wa Budapest aliyeihama Hungaria baada ya maasi ya 1956, akatuzwa Nobel ya kemia mwaka 1994 akiwa Marekani. Mwaka 2006 yeye na wenzake wawili walichapisha kitabu kuhusu uchumi wa methanoli. Mwaka 2012 kiwanda kilichopewa jina lake kilizinduliwa Svartsengi, Iceland, kando ya mtambo wa umeme wa mvuke. Hewa ukaa inayotoka ardhini pamoja na mvuke ilinaswa, haidrojeni ikatengenezwa kwa umeme, na baada ya upanuzi wa mwaka 2015 uwezo wake ukafika tani 4,000 za methanoli kwa mwaka.

Kikubwa zaidi kilifunguliwa Mei 2025 huko Kassø, kusini mwa Denmark. Kina uwezo wa tani 42,000 kwa mwaka. Umeme wake hutoka hasa kwenye shamba la jua lililo jirani, na hewa ukaa yake hutoka kwenye kiwanda cha gesi ya samadi na mabaki ya kilimo. Miongoni mwa wanunuzi ni Maersk kwa meli zake, Lego kwa plastiki za vitu vya kuchezea watoto, na Novo Nordisk kwa plastiki za kalamu za insulini. Wanunuzi hawa wawili wa mwisho wananivutia kuliko meli, kwa kuwa hawatafuti moto bali kaboni yenyewe. Ama kuhusu meli, uzalishaji wote wa mwaka mzima wa Kassø hauzidi sana mahitaji ya meli moja kubwa kama Ane Mærsk.

Si kila mradi uliofika. Kampuni ya Ørsted ilikuwa imeanza kujenga huko Örnsköldsvik, Uswidi, kiwanda cha zaidi ya tani 50,000. Agosti 2024 iliuacha, ikieleza kwamba soko la mafuta hayo Ulaya lilikuwa likikua polepole kuliko ilivyotarajiwa.

Olkaria na swali la maji

Aliyesoma habari za Svartsengi hawezi kukosa kuifikiria Olkaria. Mtambo wa kwanza wa huko ulianza mwaka 1981 kwa megawati 15; leo umeme wa mvuke nchini Kenya unazidi megawati 900. Uhusiano wetu na Iceland si wa kubuni: tangu mafunzo ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa yaanze huko mwaka 1979, Wakenya wamekuwa miongoni mwa walioyahudhuria kwa wingi. Shamba moja la maua kando ya Ziwa Naivasha limetumia kwa miaka mingi joto na hewa ukaa ya kisima cha mvuke kuyakuza mawaridi. Hewa ukaa ikiweza kuwa waridi, kwa nini isiwe methanoli?

Kizuizi cha kwanza ni cha kinyume: mvuke wa Olkaria husifiwa kwa uchache wa hewa ukaa, kwa hiyo usafi wake ndio upungufu wake. Kuna hewa ukaa inayochimbwa Kereita, Lari, na kuuzwa kwa watengenezaji wa soda, lakini kaboni iliyofukuliwa ardhini kwa kusudi haiwezi kudai nasaba ya kijani. Kizuizi cha pili ni umeme wenyewe. Kiwanda cha ukubwa wa Kassø kingehitaji takriban asilimia 3 ya umeme wote unaotumika Kenya kwa mwaka, ili kuiendesha meli moja ya wageni. Mkakati wa kitaifa wa haidrojeni ya kijani uliozinduliwa Septemba 2023 umeitanguliza mbolea, nami naona uamuzi huo una busara. Mkulima wa Kitale anaijua bei ya mbolea. Bei ya mafuta ya Ane Mærsk haimhusu kwa sasa.

Nilikwenda pamoja na rafiki yangu siku ya kusoma zile kurasa. Tulikaa chini ya mgunga, watu kama arubaini. Nilikuwa nimetumia hewa ukaa badala ya kaboni dayoksaidi, na kijana mmoja aliyetoka sekondari akanisahihisha kwa heshima kwamba mwalimu wao hutumia hilo la pili. Mama aliyekaa karibu naye akasema lake ni la kwanza kwa kuwa ndani yake anasikia kaa. Hayo niliyatarajia, kama nilivyotarajia kuulizwa kama kitu hiki hunywewa. Sentensi ya kwanza ya tafsiri yangu ilikuwa imekwisha kusema kwamba ni sumu. Nisilolitarajia ni swali la mzee aliyekuwa kimya tangu mwanzo.

"Mwanangu, umesema haidrojeni inatolewa kwenye maji. Maji mangapi?"

Rafiki yangu alipiga hesabu pale pale. Tani moja ya methanoli hutumia tani 1.7 za maji katika kuyatenganisha, na theluthi moja yake hurudi mwishoni, bila kuhesabu maji ya kupoza mitambo. Kwa kiwanda kama cha Kassø hayo ni takriban malori 20 ya lita 10,000 kila siku.

"Na yatatoka kisima kipi?" mzee akauliza.

Rafiki yangu alifungua daftari akaliandika swali hilo, maana kurasa zetu tatu hazikuwa na jibu lake.